Mashine Iliyopenda Jumatatu

Barua ya mtathmini wa nje ilikuwa na kurasa nne, na tatu na nusu kati ya hizo zilikuwa sifa tupu. Alisifu makala, alisifu wanafunzi waliohitimu, alisifu hata mpangilio wa faili. Nusu ukurasa wa mwisho ulisema kwamba maabara mbili, kila moja kivyake, zilijaribu kutengeneza upya ule utando maarufu wa mwombaji, na zote mbili ziliambulia patupu. Mwombaji aeleze, au autengeneze tena mbele ya mashahidi, kabla kamati ya kupandisha vyeo haijakaa.

Kamati ilikuwa ikae baada ya wiki saba.

Mwombaji mwenyewe wanafunzi walimwita Mama Utando, ingawa hakuwa na mtoto, na yeye alijua na hakujali. Alikuwa profesa mshiriki wa uhandisi wa kibayolojia. Kazi yake, ukiitoa makorokoro, ni hii: unayeyusha plastiki isiyodhuru mwili, unaitia kwenye bomba la sindano, unaipitishia umeme wa volti elfu kumi na nane, na kwenye ncha ya sindano unachomoka uzi mwembamba kuliko unywele mara mia na zaidi. Uzi unajipindapinda hewani kama mtu aliyesahau njia ya kwao, unatua kwenye karatasi ya alumini, na baada ya saa mbili na nusu unapata kitu kama utando wa buibui, cheupe, chepesi, cha kufunika ngozi iliyoungua ili seli mpya zipate pa kushika. Sifa yote ilikuwa hapo, kwenye kushika. Kwenye tando za watu wengine seli zilitua na kuteleza. Kwenye wake zilikaa, zikajitandaza, zikazaana.

Makala iliyosema hayo aliiandika miaka minane nyuma. Ilimtoa kwenye uhadhiri ikampeleka kwenye uhadhiri mwandamizi, kisha ikamfikisha kwenye uprofesa mshiriki. Sasa lilibaki neno moja tu la kufutwa kwenye kibao cha mlangoni. Wenye ndimi walisema makala moja imembeba mgongoni miaka yote hiyo. Wenye roho nzuri walisema si moja, ni kumi na tisa. Wote walikuwa sahihi, kwa sababu zile kumi na nane zilisimama juu ya mabega ya ile ya kwanza.

Mkuu wa idara, ambaye kwa kupenda vikao alipewa jina la Bwana Kikao, alimwita ofisini akamsukumia ile barua mezani kwa kidole kimoja.

"Umeisoma?"

"Nimeisoma."

"Hiki ni kijiba cha roho tu. Lakini kijiba kimeandikwa, na kilichoandikwa hujibiwa. Utando si unatoka?"

Mama Utando aliangalia dirishani. "Hautoki," akasema. "Una mwaka wa pili sasa hautoki."

Bwana Kikao aliinuka akaenda kuufunga mlango, ingawa ulikuwa umefungwa tayari.

Ukweli ulikuwa huo. Idara ilipohamia jengo jipya, lenye vioo mpaka chini na kiyoyozi kila chumba, mashine ilihama nayo. Ilikuwa mashine aliyoiunga mwenyewe aliporudi na udaktari wake, akisaidiwa na fundi televisheni wa mtaani, na iliwekwa kwenye chumba kizuri kuliko vyote. Tangu siku hiyo nyuzi zilitoka laini, zinang'aa, nzuri kwa macho, na seli zikawa zinateleza kama wageni waliokosea nyumba. Wanafunzi watatu wa udaktari walijaribu. Wa kwanza aliambiwa hapimi sawasawa. Wa pili aliambiwa ana mikono mizito. Wa tatu aliambiwa maneno ambayo hayafai kuandikwa hapa, akahamia kwa msimamizi mwingine, na wakikutana ngazini alikuwa anasalimia ukuta.

Wa nne alikuwa mwanamume mtu mzima, mwenye familia na ndevu za kutosha watu wawili, na kila mtu alimwita Ndevu. Huyu hakuwa na haraka. Aliposikia habari za barua, alikwenda kwenye kabati la zamani, akatoa madaftari yote ya maabara ya miaka ile ya kwanza, akayasoma kwa siku tatu kama mtu anayesoma barua za ndoa ya mwenzake. Siku ya nne alibisha mlango wa Mama Utando.

"Mama, samahani. Hapa mlitengeneza tando arobaini na moja. Kwenye makala ziko ishirini na nne."

"Kumi na saba ziliharibika. Mashine ilikuwa na hitilafu."

"Zilizoharibika zote ni za Jumanne, Jumatano na Ijumaa."

"Najua."

"Na nzuri zote ni za Jumatatu na Alhamisi."

"Najua, mwanangu. Tulikuwa tunasema mashine inapenda Jumatatu."

Ndevu alisubiri maelezo yaendelee. Hayakuendelea. Mama Utando alikuwa amejisikia akilitamka lile neno kwa sauti, na kwa mara ya kwanza lilimkaa vibaya mdomoni. Ulikuwa utani wa maabara nzima. Walikuwa wanaupigapiga ubavu wa mashine Jumatatu asubuhi na kuiambia, "Bi harusi, umeamkaje?" Akapanga na ratiba yake ya vipindi, miaka sita mfululizo, ili Jumatatu na Alhamisi ziwe siku za kusokota nyuzi. Mtu mwenye shahada tatu. Hakuuliza hata siku moja kwa nini chuma kiwe na siku zake.

"Nani mwingine alikuwa anaingia chumba kile?" Ndevu aliuliza.

"Hakuna. Niliweka sheria. Nikishawasha, mlango unafungwa, mimi naenda kufundisha mpaka saa sita. Funguo zilikuwa mbili, yangu na ya Bi Glavu."

Bi Glavu alikuwa fundi wa maabara aliyestaafu mwaka ule ule wa kuhama. Jina alilipata kwa kuvaa glavu kutwa nzima, hata anaposalimiana, hata anapokula karanga. Mama Utando hakuwa amemwona tangu siku ya kumuaga, na alijua fika kwamba kutokwenda kumwona lilikuwa kosa. Alimchukua Ndevu na madaftari mawili, wakaenda Jumamosi.

Nyumba ilijaa. Sebuleni walikuwepo mabinti wawili, mkwe mmoja, shemeji aliyekuja kuazima ngazi akanogewa, jirani wa mbele, na wajukuu ambao hakuna aliyejishughulisha kuwahesabu. Televisheni ilikuwa inaongea peke yake. Bi Glavu alikuwa kwenye kochi, mikono mitupu, na mikono hiyo ilimshangaza Mama Utando. Ilikuwa midogo, yenye pete.

"Haa! Leo jua limetokea upande gani? Jamani inukeni, mpisheni Daktari. Au tayari umekuwa Profesa mzima?"

"Bado, Bi mkubwa. Shikamoo."

"Marahaba. Miaka miwili! Nilidhani umesahau njia, kumbe umesahau mtu." Akageukia watu wake. "Huyu ndiye yule niliyewaambia. Akikusema, unaomba bora akupige."

"Mama, jamani," binti mmoja alisema.

"Jamani nini? Yeye mwenyewe anajua. Si unajua?"

"Najua," Mama Utando alisema, na sebule ikacheka, naye akapewa kiti.

Baada ya soda na habari za wagonjwa wote wa mtaa, alilifungua daftari magotini. Alieleza shida yake kwa maneno mafupi. Utando hautoki. Zamani ulitoka Jumatatu na Alhamisi. Wewe ndiye uliyekuwa na ufunguo wa pili. Je, kuna kitu ulikuwa unafanya siku hizo?

Bi Glavu alinyoosha mkono akaizima televisheni. Kwa jinsi watu wa nyumba ile walivyogeuka kumtazama, ilionekana si jambo la kila siku.

"Nikisema, hamtanikata pensheni?"

"Hakuna wa kukukatia pensheni, Bi mkubwa."

"Jumatatu na Alhamisi ndizo siku nilizokuwa nafua makoti."

"Makoti gani?"

"Makoti meupe ya maabara! Ya kwako na ya wanafunzi wako. Ulidhani yanajifua? Nilikuwa nafua kwenye lile sinki kubwa asubuhi. Nje nikianika, vumbi. Ukumbini nikianika, Bwana Kikao anasema idara inaonekana kama uwani kwa mtu. Sasa chumba chako kina joto, kimefungwa, hapiti mtu. Ukitoka tu kwenda darasani, mimi huyo, kamba yangu kutoka dirishani mpaka kwenye msumari wa saa. Makoti kumi, kumi na mawili. Saa sita kasoro nayaanua, napiga pasi. Wewe unarudi unasema, 'Bi Glavu, hongera, makoti yanang'aa.' Nasema ahsante."

Shemeji wa ngazi alipiga paja. "Mwanamke kaanika nguo kwenye chumba cha sayansi!"

"Volti elfu kumi na nane," Mama Utando alisema polepole. "Na nguo mbichi."

"Nilikuwa nakaa mbali na lile sanduku. Mimi si mjinga."

Ndevu alikuwa ameshatoa kalamu. "Bibi, ulikuwa unayakamua sana?"

"Ndo swali hilo! Hapana. Ukikamua sana yanajikunja, pasi haiingii. Nilikuwa nayaacha yanadondoka kidogo. Naweka ndoo chini."

Mama Utando alilifunga daftari. Hakuhitaji kusoma zaidi. Hewa ikiwa na maji mengi, uzi unapochomoka kwenye sindano na kiyeyushi cha ile plastiki kikaanza kuruka kama spiriti, unapoa ghafla, na matone madogo mno ya maji yanautulia mwili mzima. Yakikauka yanaacha vitundu. Vitundu hivyo ndivyo seli zilivyokuwa zinashika. Jambo lenyewe lilijulikana, yeye mwenyewe alilifundisha mwaka wa tatu, wiki ya tano ya muhula. Kwenye makala yake aliandika joto la chumba mpaka nusu nyuzijoto. Unyevu wa hewa hakuuandika, kwa sababu hakuupima.

Jumatatu iliyofuata walifanya kama zamani. Ndevu alipendekeza wanunue kifaa cha kutia unyevu, kazi iwe ya kistaarabu. Mama Utando alikataa. Kwanza vile vile ilivyokuwa, kisha ustaarabu. Bi Glavu alikuja mwenyewe, kavaa glavu, akalikagua jengo jipya kwa dharau, akafua makoti kumi na mawili na kumgombeza Ndevu kwa namna ya kuyashika. "Usinyonge koti, baba, halijakukosea." Walizima kiyoyozi. Walifunga kamba mbali na sanduku la umeme, wakatia kipimo cha unyevu ukutani. Kabla ya makoti kilisoma thelathini na moja kwa mia. Baada ya saa moja kilisoma sitini na nne.

Chini ya hadubini ya elektroni uzi ulionekana kama kijiti kilicholiwa na mchwa. Siku tatu baadaye seli zilikuwa zimekaa, zimejitandaza, na kingo zake zimejishikiza ndani ya vitundu. Ndevu alipiga kelele moja fupi, akaomba radhi. Mama Utando alitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akasema, "Mpigie yule kijana aliyehama. Mwambie hakuwa na kosa. Hapana, niachie. Nitampigia mimi."

Zilikuwa zimebaki wiki nne. Bwana Kikao alipoletewa picha alizitandaza mezani kama mtu anayepanga karata za ushindi.

"Umepona! Mwite mtathmini, aone. Andika mwongozo mpya, unyevu sitini na nne. Kwisha habari."

"Na zile kumi na saba?"

"Zipi?"

"Nilizozitupa. Niliandika mashine ilikuwa na hitilafu. Haikuwa na hitilafu. Zilikuwa majibu, mimi sikuyapenda. Ningeziacha kwenye makala, mtu yeyote mwenye akili angeuliza habari za siku, na tungejua miaka minane iliyopita."

Bwana Kikao alivua miwani. Alipokuwa hana miwani alionekana kama mtu mwema. "Sikiliza, dada yangu. Kila mtu ana droo yake. Hata mimi ninayo. Kamati inakaa tarehe kumi na nne. Tarehe kumi na tano andika masahihisho, andika kitabu, andika shairi ukitaka. Lakini mpaka tarehe kumi na nne, funika kombe mwanaharamu apite."

"Mtathmini kataka nieleze."

"Kauliza utando unatoka au hautoki!"

Nyumbani mambo hayakuwa tofauti. Mama Utando aliishi na dada yake mkubwa, mjane mwenye maneno mengi na marafiki zaidi ya maneno, ambaye kwa mwezi mzima alikuwa amewatangazia watu wa kulia na kushoto kwamba mdogo wake anapanda. Alimsikiliza mpaka mwisho huku akichambua mboga.

"Nielewe vizuri. Kitu chako kinafanya kazi?"

"Kinafanya."

"Kuna mtu kaumia?"

"Wanafunzi watatu nimewapotezea miaka. Na hao wa maabara mbili."

"Waombe radhi. Kuomba radhi hakuhitaji kamati."

"Nimewaomba wanafunzi. Lakini maabara zile hazijui kwa nini zilishindwa, dada. Wanadhani wao ndio wabovu. Kuna mtu huko sasa hivi anaambiwa ana mikono mizito."

Dada mkubwa aliacha mboga. "Wewe tangu utotoni ukivunja sahani unakuja nayo mkononi vipande vipande. Mtu hajui hata kama imevunjika! Haya. Fanya. Ila mimi nishawaambia watu."

Masahihisho aliyatuma kwa jarida siku kumi na moja kabla ya kikao, nakala moja akaitia kwenye faili lake, na nyingine akazipelekea zile maabara mbili. Yalikuwa na kurasa mbili. Yaliorodhesha tando zote arobaini na moja kwa siku zake, yakaeleza makoti, kamba na ndoo, yakasema tando kumi na saba ziliondolewa bila sababu ya kisayansi na kwamba aliyeziondoa ni mwandishi wa kwanza. Jina la Bi Glavu, lile la kwenye kitambulisho ambalo hakuna aliyelitumia kwa miaka thelathini, liliongezwa katika orodha ya waandishi. Alipopelekewa karatasi ya kutia sahihi aliuliza kama itamletea matatizo. Alipoambiwa haitamletea, alitia sahihi mara mbili, moja pembeni kwa mazoezi.

Kamati ilikuwa na watu tisa na chupa za maji tisa. Walimuuliza maswali ya kawaida kwa dakika ishirini. Kisha mwenyekiti, mwanahisabati mkimya ambaye hakuwa na ugomvi na mtu, alinyanyua ile karatasi ya masahihisho.

"Nimeelewa yote isipokuwa moja. Hizi kumi na saba. Ulipoziondoa, uliamini kweli mashine ilikuwa mbovu?"

Bwana Kikao, aliyekuwa amekaa ukutani kama mkuu wa idara asiye na kura, alianza kukohoa. Ilikuwa njia iliyoachwa wazi, pana, yenye lami. Neno "ndiyo" lingetosha.

"Hapana," Mama Utando alisema. "Sikuamini wala sikukanusha. Sikutaka kujua. Nilikuwa na ishirini na nne nzuri na tarehe ya mwisho ya jarida."

Mwenyekiti aliandika kitu kifupi. "Ahsante kwa kuja," akasema.

Barua ilitoka baada ya siku sita. Kamati imepokea kwa heshima mchango wa mwombaji. Kamati imezingatia masahihisho. Kamati inaona makala ya msingi haiwezi kuhesabiwa katika maombi haya, na inamruhusu kuomba tena baada ya miaka mitatu. Wiki hiyo hiyo ilifika barua pepe kutoka moja ya zile maabara mbili, sentensi tatu, ikisema utando umetoka mara ya kwanza walipojaribu, na kwamba wamecheka sana kuhusu makoti. Mama Utando alizisoma zote mbili zikifuatana, akamtumia Ndevu ile ya pili, akaenda darasani.

Jioni, jua bado liko juu, alimkuta dada yake barazani na jirani wa kushoto, mwanamke ambaye habari za mtaa zilimfikia kabla hazijatokea. Hakuna aliyemwona akiingia getini.

"Nasikia mdogo wako kanyimwa," jirani alikuwa anasema, kwa sauti ya pole iliyonona.

"Kanyimwa? Nani kakwambia kanyimwa? Kakataa mwenyewe! Walimwomba, kawaambia subirini kwanza, nina kazi ya kumaliza."

"Aaa, kumbe!"

"Ndiyo. Yule si mtu wa kukimbilia vyeo. Kawaambia..."

"Dada," Mama Utando alisema akiwa kwenye ngazi, mkoba mkononi. "Sikukataa. Wamenikatalia."

Jirani aliangalia mmoja, akaangalia mwingine. Dada mkubwa alifumba macho kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Huoni naongea na watu?"

"Naona. Shikamoo, jirani."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Kwani ilikuwaje?"

Dada mkubwa alisogea kwenye benchi, akapiga kwa kiganja pale palipobaki wazi. "Kaa basi," akasema. "Kaa umweleze mwenyewe, maana mimi nikisema unaniharibia."

Mama Utando akakaa, akavua viatu, akaanza na volti.